Niliuza Kisa cha Viatu Vyangu, Sasa Mfuko wa Masomo Unaniita Mwizi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijamzika baba yangu, maana mzee mwenyewe yuko hai, yuko sebuleni anatazama mpira, na ameshakubali kufa.

Nianze na kazi yangu. Nina shahada ya kwanza ya takwimu lakini ajira yangu ni duka la kuchapa na kutoa kopi mbele ya geti la chuo, naskani vyeti, natengeneza wasifu wa mtu asiye na wasifu, na mwaka juzi nikagundua kuna biashara nzuri zaidi, nayo ni kuwaandikia wateja barua za kuomba ufadhili wa uzamili. Unazijua zile barua, wanakwambia eleza maisha yako na changamoto ulizopitia, basi mteja anakaa kwenye kiti cha plastiki anakuna kichwa, changamoto hana, na mimi ndiye ninayemsaidia. Sijivuni, lakini nimewaua kina baba tisa, nimempofusha bibi mmoja, na kuna mteja nilimchomea nyumba ambayo hadi leo anaishi ndani yake. Wengi wao walipata.

Sasa akaja kijana mmoja, pale dukani tunamwita Bosi Mdogo kwa sababu baba yake ana vituo vya mafuta, akataka barua ya kuwaliza watu, na siku hiyo nilikuwa nimechoka, kila namna ya kuua baba nilishaitumia, nikampa kisa changu mwenyewe. Kisa chenyewe ni cha kweli, mimi na dada yangu tulisoma shule moja kwa zamu, yeye asubuhi mimi mchana, na viatu vilikuwa jozi moja tu, vya kahawia, kwa hiyo tulikutana getini saa sita na nusu, yeye anavua mimi navaa, kisha yeye anarudi nyumbani peku. Vilikuwa vyake, vilinizidi, nikawa najaza gazeti mbele. Nikamwandikia Bosi Mdogo yote hayo, mpaka gazeti, kwa bei ya kopi mia mbili, na yule kijana anavaa namba arobaini na tano na hata dada hana. Akapata ada yote na ya kujikimu juu.

Mwaka huu na mimi nimepata nafasi ya uzamili wa takwimu, nikaitazama ada nikaona hata nikiuza mashine zote za dukani, ambazo si zangu, haitoshi, nikaomba mfuko uleule na nikaandika kisa cha viatu kwa sababu ni maisha yangu, mshauri, ningeandika maisha ya nani? Wiki iliyopita wamejibu kwamba kamati ilishapokea kisa hicho kutoka kwa mwombaji mwingine, pamoja na rangi ya viatu, wananipa siku kumi na nne nijieleze la sivyo jina langu linafutwa, na chuo nacho kinataka uthibitisho wa ada mwisho wa mwezi au nafasi anapewa mwingine.

Nikampigia Bosi Mdogo nikidhani atakuwa na utu. Akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, tusiharibiane. Wewe waambie uliiona barua yangu dukani ukainakili. Mimi nakulipia muhula wa kwanza, wote, kesho."

Dada yangu nilipomweleza hakunionea huruma, alisema viatu vilikuwa vyake na nimeuza hadi nusu yake ya kisa bila kumuuliza. Aliyenisikiliza ni baba. Ni fundi bomba, magoti yamestaafu lakini mdomo bado, ndiye huyo aliyekuwa akinituma dukani tangu nina miaka sita nikamletee kiungo cha bomba cha nusu inchi, nikileta cha robo tatu ananirudisha, lakini kwanza niseme kimezidi kwa ngapi, mpaka nikajua hesabu za sehemu kabla mwalimu hajazifikia, yaani utoto wangu wote ukitoa viatu ni mabomba tu, hakuna la kuandika. Basi baba akapunguza sauti ya televisheni akasema, "Mwanangu, kuna mifuko mingine. Andika upya, uniue mimi. Ila usiniue kwa ugonjwa wa aibu." Hakuwa anatania. Nikacheka, kisha nikaingia jikoni nikalia.

Nichukue pesa ya Bosi Mdogo, nimuue baba, au nijieleze nikose vyote?

Ni mimi, Mwenye Viatu.

JIBU

Mwenye Viatu, pole. Pole yenyewe ni fupi kwa sababu umeua watu tisa.

Nina miaka kumi na moja kwenye safu hii. Wameniandikia waliouza kiwanja cha urithi, waliouza kitanda mke yuko kazini, lakini aliyeuza utoto wake kwa bei ya kopi mia mbili, wewe ni wa kwanza. Tena ukampa mpaka gazeti, hukubakiza hata la kuziba dirisha. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na yako imeanzia kaunta ikaishia kaunta.

Tumalize la Bosi Mdogo. Usiguse hata senti yake. Huyo hakununulii muhula, anakununua usaini karatasi inayosema wewe ni mwizi, na karatasi hiyo itakaa kwenye faili lako maisha yako yote. Muhula wa pili ukija utaomba kwingine, watakuulizia, watajibiwa, na yeye simu yako hapokei. Kijana aliazima miguu yako akaenda nayo chuo, leo anataka na jina.

Baba yako mwache aishi. Mzee amejitolea kufa ili usome, nimesoma sehemu hiyo mara mbili nikavua miwani, lakini kujitolea kwake si ruhusa. Siku ya mahafali utamkalisha wapi huyo marehemu?

Kwa hiyo utajieleza, na si siku ya kumi na tatu, wiki hii. Ukurasa mmoja bila machozi, machozi yako wameshayaona kwa jina la mtu mwingine. Sema kazi yako, sema ulimwandikia mtu ukalipwa, kisa kilikuwa chako, na ulikosea. Kompyuta ya dukani ina rasimu na tarehe yake, ichapishe. Tafuta ripoti za shule, yako ya zamu ya mchana na ya dada yako ya asubuhi, na kabla hujamwomba ripoti umwombe radhi, kwa sababu ana haki, viatu ni vyake. Bosi Mdogo usimpigie mbiu, jina lake wanalo, wakikuuliza jibu. Huenda wakakukatalia hata hivyo. Wana haki hiyo, na utaimeza.

Na hiyo biashara ya kuua kina baba ifunge leo. Kati ya waombaji wa mwaka ule kuna mtu aliyefiwa kwelikweli, barua yake ikawekwa chini ya yako kwa sababu yeye hakujua kuandika msiba wake vizuri kama wewe ulivyoandika wa uongo. Hilo likukere kidogo.

Halafu usikae unasubiri mfuko mmoja kama vile dunia ina mlango mmoja. Kesho asubuhi nenda idara ya takwimu, muulize mkuu wa idara kama wanahitaji mtu wa kuwasimamia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye mazoezi. Vyuo vingine vinapunguza ada kwa kazi hiyo, na hakuna anayekuuliza ulivaa nini darasa la tano. Ukitoka hapo pita kwa mhasibu uulize ada kwa awamu. Wakikataa wote, omba kwa maandishi kuahirisha nafasi mwaka mmoja, uombe kabla ya mwisho wa mwezi, si baada. Mtu wa takwimu anayedhani ana njia tatu tu, na mbili kati yake ni dhambi, kweli anahitaji kurudi shule.

Nimalizie na hili. Katikati ya barua yako ndefu uliandika jambo ukalipita mbio: mtoto wa miaka sita anatumwa kiungo cha bomba, anakosea, anarudishwa, na haruhusiwi kuondoka mpaka aseme kimezidi kwa ngapi. Ukasema hakuna la kuandika. Binti, unaomba kusomea hesabu, na ulifundishwa hesabu na fundi bomba mlangoni kwenu. Hicho kisa hukumuuzia mtu kwa sababu hakina msiba, kila aliyemo yuko hai.

Mkuu wa idara akikuuliza kwa nini takwimu, mwambie hicho. Asipoamini mpe namba ya baba yako. Marehemu hapokei simu. Huyu atapokea, na kabla hajaulizwa lolote, atamuuliza yeye mkuu robo tatu inazidi nusu kwa ngapi.