Mwenye Gari Anakaa Nyuma

Jumamosi, 4 Mei

Gari limefika! La umeme, jipya, rangi ya maziwa. Halina sauti hata kidogo – limeingia getini kama mwizi. Jirani alikuwa akimwagilia maua, akaliangalia mpaka akajimwagilia viatu. Nilijifanya sioni.

Akili ni mali. Serikali imesema anayenunua gari la umeme anasamehewa ushuru, mradi awe hajawahi kumiliki gari maishani. Mimi nimewahi. Mke wangu anacho kile kikweche chake mpaka leo. Nani hajawahi? Mama mkwe! Tunaye humu humu ndani, chumba cha nyuma, na hajawahi kumiliki hata baiskeli. Kadi ikaandikwa jina lake. Sharti moja tu: jina halibadilishwi kwa miaka mitano. Mke wangu alisema, tena mara mbili, "Wewe humjui mama." Nikamwambia hiyo ni karatasi tu.

Mama mkwe katoka, kalizunguka, kaligonga bodi kwa kidole. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akakaa.

"Haya mkwe. Tuone lina mwendo gani."

Jumanne, 7 Mei

Nimechelewa kazini. Mwenye gari alikuwa na ratiba yake: sokoni, kwa fundi cherehani, kisha kwa rafiki yake mmoja ambaye hakuwa na shida yoyote ila kuonyeshwa gari. Mimi ni fundi wa meno bandia. Kuna watu mji huu wanangoja meno ili wale! Nilimweleza hivyo, kwa adabu. Akajibu, mtandio mdomoni kama kawaida yake, kwamba nimwambie bosi wangu leo mwenyewe alikuwa na shida na gari lake.

Mwenyewe! Gari lake!

Huo mtandio mdomoni una sababu. Meno ya mbele ya juu hana. Tangu baba mkwe afariki yameondoka moja moja. Nimejitolea kumtengenezea, bure, si mara moja. Jibu ni lile lile: mkwe na mdomo wa mama mkwe wanakutana wapi? Basi. Fundi wa meno mimi, na mezani kwangu kuna mtu anakula vya kupondwapondwa.

Jumamosi, 11 Mei

Safari ya kumwona shemeji, kaka yake mke wangu, aliyevunjika mguu. Mke wangu ni muuguzi, yuko zamu. Kwa hiyo mimi na mama mkwe, wawili tu, njia nzima. Mungu ananijua.

Tulitoka betri imejaa. Lakini ile milima! Namba zinashuka huku nikiziona. Nikazima kiyoyozi. Nikazima redio. Nikapunguza mwendo mpaka lori la mchanga likatupita, dereva wake akatupungia mkono kwa huruma. Halafu ikaja sauti ya nyuma: miaka yote ya kupanda mabasi ya watu hajawahi kuzimiwa upepo, leo anakuja kuzimiwa kwenye gari lake mwenyewe!

Tulifika kituo cha kuchaji, nyuma ya mgahawa wa njiani, gari liko taabani. Mashine mbili. Moja skrini nyeusi, imebandikwa karatasi ya kuomba radhi. Ya pili imechomekwa kwenye gari la mzee mmoja. Limeshajaa, taa ya kijani hiyo inawaka, na mwenyewe kalala ndani, kofia usoni, anakoroma.

Sasa? Mtu mzima haamshwi hivi hivi. Nikakohoa. Nikafunga mlango wetu kwa kishindo. Nikakohoa tena. Mama mkwe akashuka, akanipita, akagonga kioo cha mzee kwa pete.

"Baba, umeshashiba. Pisha na wenzako wale."

Nilitamani ardhi ipasuke! Mzee akafungua jicho moja, akamtazama, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akachomoa waya, akasogeza gari lake, akatusaidia kuchomeka letu. Kisha hakuondoka. Kaagiza chai tatu. Kumbe alikuwa dereva wa treni, sasa mstaafu. Mkewe alitangulia mbele ya haki siku nyingi. Anaishi mji wetu, ghorofa ya nne, hana pa kuchomeka gari, kwa hiyo kila Jumamosi huchaji kule kule mjini, penye maduka makubwa; leo tu alikuwa safarini. Alieleza yote hayo bila kuulizwa. Sijui nani alimwambia tunataka kujua.

Gari likajaa, wao bado wanazungumza. Mama mkwe alicheka! Kajifunika mtandio, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika.

Nimempigia mke wangu simu kumwambia. Hakuamini. Anasema mama yake hajacheka tangu mazishi ya baba, labda alikuwa anakohoa.

Jumamosi, 18 Mei

Betri ina kasoro! Juzi imejaa, leo asubuhi iko taabani, na hatujaenda popote. Soketi ya nyumbani ingechukua siku nzima, ikabidi twende kuchaji kule madukani. Nilipotoka na ufunguo nikamkuta mama mkwe tayari kavaa, kaketi nyuma. Amejuaje?

Bahati nzuri Mzee Umeshashiba naye alikuwepo kwenye benchi la nje, akaninunulia soda, hivyo mama hakuchoka kusubiri.

Jumatano, 22 Mei

Jana jioni nilichomeka gari mwenyewe, kwa mikono yangu. Asubuhi waya uko chini na kwenye soketi kuna pasi. Mama mkwe ananyoosha mapazia. Mapazia! Hata lile la bafuni, la plastiki, lilikuwa kwenye foleni.

Ijumaa, 24 Mei

Nimelipeleka kwa fundi umeme wa magari. Kachomeka kompyuta yake, kasoma, kanitazama kama mgonjwa wa kujitakia. Anasema betri ni nzima kama kigori. Ila kuna mtu anakaa ndani ya gari likiwa limesimama, kiyoyozi mpaka mwisho – na wakati huo huo kawasha joto la viti.

Nikacheka. Kichaa gani huyo?

Jumapili, 26 Mei

Jana tulikwenda kuchaji tena. Leo mvua. Nimekaa kulinda soketi.

Alhamisi, 30 Mei

Kichaa nimempata.

Nimerudi mapema, kwa basi kama siku hizi; ufunguo huachwa jikoni, amri ya mwenye gari. Gari liko uani, vioo vimefungwa vyote, vimeingia ukungu. Ndani yupo mama mkwe, kiti cha nyuma, kavaa sweta. Sweta! Nikagonga kioo.

"Shikamoo mama. Unafanya nini humo?"

"Marahaba. Nimekaa."

"Mama, kiyoyozi kinamaliza betri."

"Kadi imeandikwa jina la nani, mkwe?"

Nikaomba radhi, nikaingia ndani. Nilipofika jikoni ndipo nikakumbuka: keshokutwa Jumamosi. Loo! Pasi. Mapazia. Jumamosi zote hizi! Nimekuwa mjinga kiasi gani? Dereva wa treni ananinywesha soda na mimi nashukuru!

Nikacheka peke yangu, mpaka nikafikiria mbele. Hawa wakioana je? Gari ni lake. Jina miaka mitano. Bibi harusi ataondoka na gari langu, jeupe, tayari kwa maua! Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Na mke wangu nimwambie nini? Kila asubuhi bado anafuta vumbi picha ya baba yake kabla hata hajapiga mswaki. Mimi simwambii. Atakayemwambia na azaliwe.

Jumamosi, 1 Juni

Niliamua kukomesha. Gari nikalijaza jana, ufunguo nikalala nao chini ya mto.

Asubuhi mama mkwe akaja amevaa, mtandio mpya. Nikamwambia gari limejaa pomoni, hatuna haja ya kuchaji. Akasema sawa. Basi. Hakugomba, hakunikumbusha kadi. Aliomba tu nimfungulie mlango, akaingia kiti cha nyuma, akaweka mkoba magotini.

Nimekunywa chai, yuko pale. Nimeosha vyombo, yuko pale. Namwona kwa dirisha la jikoni, anatazama geti. Nilijisikia vibaya kweli. Huyu mama amekaa chumba cha nyuma miaka, anatukunjia nguo, halafu mimi namnyima benchi la nje ya maduka?

Nikatoka nikawasha gari. Kiyoyozi mpaka mwisho. Viti joto. Taa zote, mchana kweupe. Waipa za kufutia mvua, na jua kali! Nikazunguka njia ya mlimani, nikashuka, nikapanda tena. Mama mkwe akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia tunatafuta njaa.

Kule madukani Mzee Umeshashiba alikuwa ameng'ang'ania mashine, gari lake limejaa zamani, nyuma yake foleni inapiga honi. Alipotuona akavua kofia.

Tukiwa njiani kurudi, sauti kutoka nyuma:

"Mkwe. Yale meno."

"Naam, mama."

"Bado ni bure?"

Nikasema bado. Kisha, uso dirishani: "Nilikuwa na mwanya."

Alhamisi, 6 Juni

Daktari wa meno kachukua chapa ya mdomo wake jana, sanamu yake ya plasta imeletwa leo. Iko mezani kwangu: ufizi wa mama mkwe, mweupe, wazi, unanitazama! Nikasema "shikamoo" bila kujijua. Mwenzangu wa meza ya pili alicheka mpaka akaharibu taji la jino la mtu.

Nimeifunika kitambaa safi. Nafanya kazi nikifunua upande mmoja mmoja. Mwanya nimeurudia tena na tena – ukizidi unakuwa pengo, ukipungua hauonekani. Sijawahi kutengeneza meno kwa roho moja namna hii. Usione vyaelea, vimeundwa.

Ijumaa, 14 Juni

Yamekaa! Kajitazama kwenye kioo cha gari, si cha nyumbani. Hakusema asante. Alisema, "Huyu namfahamu," akageukia pembeni, akafuta macho. Mbele ya mke wangu bado anajifunika mtandio. Nimeambiwa ninyamaze kwanza.

Jumapili, 16 Juni

Naandika chooni. Daftari hili hukaa nyuma ya tangi la maji, na leo nimeona faida yake.

Mzee Umeshashiba yuko sebuleni. Koti, viatu vinang'aa, kofia mkononi. Gari lake limeingia getini kimya kimya, betri imekwisha kabisa. Nikamuuliza, mtu aliyeendesha treni maisha yake yote hajui kupima safari? Akasema, "Mwanangu, nilizunguka mlimani kwanza." Limechomekwa kwenye soketi yetu, na soketi yetu ni ya kobe. Haondoki leo huyu!

Alisema ana neno la kuomba, na angependa mke wangu awepo. Nikasema mke wangu yuko zamu mpaka usiku. Papo hapo simu yangu: amebadilishana zamu, yuko njiani. Nikaomba udhuru.

Mama mkwe kanifuata ukumbini. Mtandio uko mabegani! Ananong'ona: nisiwe na hofu, hawaendi mbali. Ila ghorofa ya nne haina soketi, kwa hiyo kila Jumamosi watakuja kuchaji hapa. Magari yote mawili.

Gari langu linaondoka, na umeme nalipa mimi! Nilipaswa kukasirika. Nimejikuta nahesabu kama viti vya mezani vitatosha Jumamosi.

Kisha akanyoosha mkono: "Ufunguo, mkwe." Nikamwambia nakuja nao.

Geti! Kikweche cha mke wangu, hicho kinasikika hata akhera. Anauliza kwa sauti, gari la nani limechomekwa hapa? Viatu. Mlango wa jikoni.

Sebuleni mzee kasema kitu, sijasikia nini. Mama mkwe kacheka. Si kwa mabega – kwa sauti, mdomo wazi, meno yangu yote nje!

Viatu vimesimama ukumbini. Sasa mke wangu yuko hapa, mlangoni pa choo, ananong'ona.

"Uko humo? Nani anacheka sebuleni?"

Ufunguo ninao mkononi. Sijui nianzie wapi, kwenye meno au kwenye gari. Anagonga tena.