Mishale Kumi na Minne ya Sheldon Kariuki

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Mansfield, Texas
Jumatatu, 31 Machi 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi

Jina: Truphosa Cherotich. Umri: miaka 43. Kazi: mwandishi wa programu za kompyuta. Makazi: Alief, Houston.

Naomba haya yaandikwe kwa Kiswahili. Kampuni yangu imeshawaletea barua ya Kiingereza iliyopigwa pasi, inayosema Salvator Bigirindavyi, mfanyakazi wa ghala, alifunga waya kwenye kilango cha usalama ili kuihadaa mashine. Ni uongo. Nataka Salvator asomewe maelezo yangu neno kwa neno, maana ndiye mnayemchunguza.

Programu yetu inaendesha mkanda wa kuchambua vifurushi katika ghala moja hapa Mansfield. Zamani kazi zake zilifuatana: kwanza iliuliza kama kilango hicho cha usalama, cha wavu, kimefungwa, ndipo ikawasha mkanda. Mwenye ghala akataka kasi. Basi tukaamua kuigawa programu, kompyuta ifanye kazi kadhaa kwa pamoja. Ipo zana ya kusaidia. Inasoma programu na kuichora kwenye kioo: kazi ni visanduku, na mishale inaonyesha ipi ingoje ipi. Mshale mzima maana yake ngoja. Mshale wa nukta maana yake zana inashuku tu, binadamu akasome programu mwenyewe kabla ya kuufuta. Ni zana yenye adabu. Isipojua, inasema haijui.

Mkubwa wangu, Sheldon Kariuki, hana adabu hiyo. Huyu bwana sijawahi kumwona akiandika mstari mmoja ukafanya kazi. Anachoweza ni slaidi na kunukia vizuri.

Mnamo Jumanne tarehe 11 Machi, saa nane mchana, aliniita mezani kwake, ofisini Houston. Mchoro ulikuwa kwenye kioo.

"Hizi nukta-nukta ndizo zinatuchelewesha," alisema.

"Soma code kwanza, Sheldon."

"Aii, Truphosa! Client anataka speed, hataki thesis."

Nilisonya nikarudi kwenye kiti changu. Kumbukumbu za zana, ambazo nimezileta, zinaonyesha alifuta mishale kumi na minne ya nukta kwa sekunde hamsini na moja. Mtu makini angehitaji siku mbili. Mmoja kati ya hiyo ulitoka kwenye kilango kwenda kwenye mkanda. Tangu hapo mkanda haukungoja jibu la kilango. Mara nyingi jibu liliwahi, mara chache halikuwahi.

Majaribio ya ofisini yalipita, na Sheldon akaleta keki. Ofisini hakuna kilango, jamani! Tulikuwa tumeiandikia programu ijibiwe "kimefungwa" kila ikiuliza.

Mnamo Alhamisi tarehe 20 Machi, saa nne na dakika arobaini asubuhi, Salvator alifungua kilango kutoa boksi lililokwama. Mkanda ukawaka. Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Nilimpigia simu Jumamosi. Aliniambia, "Dada, nilifungua kama siku zote. Mashine ilipaswa kulala." Mimi ndiye niliyelia.

Jumatatu tarehe 24 Sheldon alituambia kwenye kikao tuseme "uzembe wa mtumiaji". Alilisema akiwa anatafuna. Namdharau mtu huyu kutoka moyoni, na naomba afisa aliandike hilo kama nilivyolisema.

Kuna moja ambalo barua ya kampuni haikulitaja. Kwetu badiliko lolote la programu halitoki mpaka likubaliwe na mtu wa pili. Tarehe 11, saa tisa na dakika tano, mtu wa pili nilikuwa mimi. Nilibofya "kubali" bila kuufungua mchoro. Nilijua amekosea mahali. Nilitaka majaribio yamkatae aaibike mbele ya watu, na nilikuwa na hamu ya kuiona aibu hiyo. Sikuwaza mkono wa mtu.

Niliyoyajua nimeyamaliza, na nayatia sahihi kwa hiari yangu.

Sahihi: T. Cherotich

Maandishi ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo haya na kuyakiri. Nilimweleza kuwa aya kuhusu kukubali kwake badiliko inaweza kutumiwa dhidi yake, nikampa nafasi ya kuiondoa. Alikataa. Aliuliza tu kama Salvator atasomewa leo.
Afisa Dedan Mwaniki