Kuhusu Macho ya Marsela

Endabash,
Karatu.
9 Julai 1977

Mpendwa mdogo wangu Eunike,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Mtwara? Shemeji Martini hajambo? Na yule mtoto mdogo ameacha kukohoa? Sisi huku tunapumua. Baridi ni kali, ukungu hauondoki mpaka mchana, na mahindi mwaka huu ni mabua tu. Mama anaamka, anakula kidogo.

Najua unajiuliza kwa nini mdogo wetu Marsela hajibu barua zako. Alinikataza nisikuandikie. Leo nimemwambia nakuandikia, hakunizuia tena.

Tangu mpaka wa Kenya ufungwe, wageni wamekatika kabisa hotelini kwetu kule juu Ngorongoro. Mwezi wa tano meneja akatuita sisi wa jikoni, mimi na Marsela tukiwamo. Akasema jiko kubwa linafungwa, lakini kwanza tusafishe kila kitu, panya wasihamie: matanuri, bomba la moshi, na lile karai la umeme la kukaangia chipsi. Mafuta yalikuwa yamegandia humo kama lami.

Sabuni haikuwapo. Tulikuwa na kostiki, ile soda kali inayokula mafuta na ngozi pia. Glavu zilishachanika, na miwani ya kukinga macho hatujaiona tangu mwaka jana. Mpishi mkuu, mzee Yohana, alituonya: "Maji ya baridi kwanza, kostiki baadaye, kidogo kidogo. Msije mkamwagia kostiki maji."

Mwenzetu Saning'o alikuwa amekwisha kumwaga kostiki ndani ya karai kavu, akikusudia kwenda kuyapima maji. Meneja akamwita nje kupakua kuni. Akafunika karai, akatoka. Marsela hakujua. Alikuja na ndoo ya maji ya moto, akafunua, akamimina.

Nilikuwa nakwangua tanuri. Nilisikia mlio kama wa chuma cha moto kinachotumbukizwa majini, kisha sauti yake: "Kaka, siioni njia!" Niligeuka nikamkuta ameshika uso, kostiki imemrukia machoni.

Nilimzuia asisugue. Mzee Yohana akafungua bomba, yakatoka matone tu, kwa sababu pampu haikuwa na dizeli. Tukachota kwa vikombe kwenye tangi la nje, tukammiminia machoni mpaka tangi likakauka. Gari nalo lilisubiri mafuta. Tulifika hospitali jua likizama.

Eunike, jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona mwanga, basi. Tulimpeleka mpaka Moshi. Daktari alimpima kwa upole, kisha akanivuta kando, akaniambia nisimtembeze mtoto wa watu hospitali hadi hospitali.

Saning'o alikuja kutoka kwao Malambo na kibuyu cha maziwa. Alikaa karibu na Mama, akakohoa. Marsela alipomtambua kwa kikohozi alisema, "Saning'o, ulikwenda kufanya kazi uliyotumwa. Kunywa chai." Akalia mwanamume yule, nasi wote. Tungempata wa kumchukia, labda ingekuwa rahisi zaidi.

Mimi nilirudishwa kumaliza lile karai. Nilifungua madirisha, nikavaa mifuko ya plastiki mikononi, nikatia maji ya baridi, nikanyunyiza kostiki huku nimegeuza uso, nikakoroga kwa mti. Nikasuuza, nikapitisha maji ya siki, nikasuuza tena. Liling'aa, Eunike. Tukalifunika kwa shuka, wakafunga mlango. Hakuna mgeni aliyekuja, wala hatutazamii.

Kazi yangu nayo imekwisha. Yule kijana wa Mbulu aliyekuwa anataka kumposa Marsela hajaonekana tena.

Nilimuuliza Marsela ana neno gani kwako. Akasema, "Mwambie akija na kanga, rangi achague yeye."

Mama na shangazi Evarista wanakusalimu. Msalimie shemeji na watoto. Mama bado anaongoza sala kila jioni kwa ajili ya lile jicho la kulia. Mimi naitikia Amina ili asiwe peke yake. Mungu aifunike nyumba yako, na kama wewe bado unaweza kuomba, omba.

Wako akupendaye,
kaka yako Patrisi