Tangi Limejaa, Bomba Limelala

We Sajini!

Pokea salamu zimeiva na jua. Huko Molo najua ni ile baridi ya soksi mbili. Mgongo wa mama umetulia? Shosho bado anafukuza kuku wa jirani akiwaita kwa jina la mwenye kuku? Na wewe, umepatana na fundi wa ile nguo ama bado mnatupiana maneno? Mimi ni mzima. Nimekauka kidogo, midomo imepasuka, lakini mzima.

Sasa najua umenikasirikia. Jumamosi wageni wa kina Kamau wanakuja kuleta mahari yako, na tangu baba atuache mimi ndio wa kusimama upande wetu, na mimi nimekutumia SMS ya maneno matatu: "nimechelewa kidogo, usijali." Hebu nikueleze nilivyoituma. Nilipanda juu ya tangi la maji, nikanyoosha mkono juu kama mtu anasimamisha ndege, nikapata mtandao wa kupumua mara moja. Hayo mengine hayangeingia kwa SMS, ndio maana nimeshika kalamu.

Siko Garissa mjini, siko kwenye kachumba kangu ka mtaa wa Iftin. Ukipita Balambala unaacha mto nyuma, unaendelea mpaka simu inakata tamaa. Hapo ndipo niko. Nilikuja kulala usiku mmoja. Hii ni wiki ya pili!

Si unajua kazi yetu ni visima vya sola. Paneli zinavuta maji, zinajaza tangi. Chini ya tangi kuna kisanduku, ndani kuna kompyuta ndogo kama kipande cha sabuni. Mfugaji anagusa kadi yake kwenye kisomaji, kompyuta inafungua bomba, maji yanamwagika kwenye hori, ngamia wanakunywa. Lakini hiyo kompyuta inakula betri, na betri yenyewe ni ya huruma tu. Ikikaa macho usiku kucha, alfajiri imekufa, na alfajiri ndio watu wanafika. Kwa hivyo lazima ilale. Na kuilaza na kuiamsha, Sajini, si mchezo! Inafanyika kwenye kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo ambayo mtu wa kawaida haioni maisha yake yote. Kila kifaa kina draiva yake, yaani programu ya kukiongoza, na draiva ya hicho kisomaji cha kadi niliandika mimi. Mimi Kevo! Yule ulimnyang'anya simu kwa sababu amemaliza bando akisoma mistari ya kerneli na viazi havijachimbwa.

Inafanya hivi. Kila kifaa kinaweka hesabu: ni wangapi wananihitaji sasa hivi? Mtu akigusa kadi, hesabu inapanda. Akimaliza, inashuka. Ikifika sufuri, kifaa kinangoja dakika chache, kikiona kimya, kinalala. Ukigusa tena, kinaamka. Rahisi, si ndio?

Basi hapa kilikuwa kinalala na kukataa kuamka. Rashid, kijana anayelinda kisima, siku moja alichomoa waya wa betri akaurudisha, kama vile sisi hufanya na redio. Mfumo ukaharibika, haukuwaka tena kabisa. Watu wakakaa chini ya tangi lililojaa, linatoa jasho wanaliona, na hakuna tone. Koki ya mkono ilitolewa siku mashine inawekwa, ati ya nini tena. Nimemwomba bosi koki. Anasema imeagizwa.

Ndio nikatumwa mimi. Nilipofika, nikapokewa na Dahabo, mwenyekiti wa kamati ya maji. Ana duka la sukari na vitambaa, na sauti yake hufika kabla yake. (Hapa p inakuwa b na v inakuwa f, usicheke, wao pia wanacheka Kiswahili changu cha Molo.)

"Wewe ndio fundi?"

"Ndio, mama."

"Wa kwanza alikuja akasema anaenda kuchukua sbana. Mbaka leo anachukua sbana. Mwingine akasema bibi yake anazaa. Huyo mtoto nafikiri sasa ameoa." Watu wakacheka wote. "Wewe utasema nini?"

"Mimi sina bibi."

"Haye. Basi huna haraka. Leteni chai."

Nikacheka na mimi! Sikujua mlango ndio umefungwa hivyo.

Hawajanifunga kamba, usimwambie mama vibaya. Hakuna aliyenishika hata mkono. Ninalala kwenye mkeka msafi, asubuhi maziwa ya ngamia, mchana wali na nyama. Lakini nikiuliza pikipiki, haina petroli. Nikiuliza gari la sukari, limejaa. Nikianza kukunja begi, mtu anatokea na chupa ya chai. Chai tamu mpaka meno yanalia! Rashid ananisafishia viatu kila asubuhi ananipangia mlangoni, vinang'aa, na havina pa kwenda. Nikitembea kidogo kunyoosha miguu, watoto wananifuata wakiimba "fundi, fundi", na nikigeuka naona Dahabo amesimama mlangoni pa duka, mkono kiunoni, ananihesabu. Kuna saa nakaa nafikiria mimi ndio kile kifaa: kila anayekuja na shida ya maji anapandisha hesabu, na hakuna anayeishusha. Sifiki sufuri. Silali.

Kwa SMS, nikiwa juu ya tangi, bosi anasema, "Zima hayo mambo ya kulala, ikae macho, panda gari urudi." Nikizima, betri inakufa usiku. Yeye anataka tu nikiondoka iwe inawaka.

Na shida yenyewe ilinishinda kuona! Ofisini Garissa, kabla sijaja, niligusa kadi haraka haraka kama mtoto na kengele, ikafanya kazi. Nikaiacha ilale usiku mzima, nikagusa, ikaamka. Hapa, tangu niurudishe mfumo siku ya kwanza, inakufa kila siku, mpaka niiamshe kwa kebo ya laptopu. Nimesoma mistari yangu mpaka nikiota naiona. Rashid anakaa kando yangu anatazama laptopu.

"Kefo, hiyo ni Kiswahili?"

"Hapana."

"Ni Kizungu?"

"Hapana."

"Sasa hujui kusoma, kaka. Kula tende."

Halafu Jumatatu kukawa na vita. Hapa mifugo hainywi ovyo. Kundi moja likinywa, lingine linangoja mbali kule kwenye migunga, ili wanyama wasichanganyike. La kwanza likiondoka kabisa, ndio la pili linaanza kuja, pole pole, kwa sababu ngamia hakimbizwi kwenda majini. Mimi nilikuwa naangalia hiyo zamu kila siku kama mtu anaangalia mvua. Jumatatu akaja mama mmoja wa mbuzi, anaitwa Ebla, amechoka kungoja. Ngamia hawajamaliza hata kupangusa midomo, yeye ameshaingiza mbuzi.

"Naayaa!" mwenye ngamia akapiga kelele. "Wewe huoni zamu?"

"Zamu yako inalala kama hiyo mashine! Mbuzi zangu hazilali!" Na akagusa kadi yake. Maji yakatoka.

Aliyekuwa nyuma yake akaona, akaingiza wake. Na mwingine. Fimbo juu, vumbi, mbuzi katikati ya miguu ya ngamia, watu wanatusiana mpaka na babu zao, na bomba, Sajini, bomba halikukatika asubuhi nzima! Mimi nikaruka juu ya kisanduku nikaanza kupiga makofi. "Endeleeni! Gombaneni! Gombaneni tu!"

Rashid akanivuta shati. "Kefo, nyamaza, watakubiga wewe!"

Umeona? Muda wa kundi moja kuondoka na lingine kufika ni ule ule muda niliouweka mimi, wa kifaa kungoja kabla ya kulala! Kila siku, yule wa pili anagusa kadi wakati kisomaji kiko katikati ya kusinzia, jicho moja limefumba. Kisomaji kinapokea mguso, kinamaliza kulala nao, kinasahau. Na ukigusa tena haisaidii, maana ule mguso wa kwanza bado umesimama mlangoni umeziba njia. Ofisini mimi ama niligusa haraka ama niligusa kesho yake. Hakuna mtu Garissa anangoja ngamia watembee!

Niliandika dawa yake siku hiyo hiyo, mistari michache tu. Kabla ya kufumba jicho la mwisho, uliza: kuna mguso haujashughulikiwa? Kama upo, kataa kulala, rudi kazini. Nikaiweka. Zamu zikarudi kama desturi, kundi baada ya kundi, na bomba linaamka kila mara. Nililia kidogo, usiwaambie watu. Dahabo akachinja mbuzi.

Jana jioni akaniita dukani.

"Rashid anasema dada yako anaolewa. Mbona hukusema?"

"Mama, nimesema kila siku."

"Ulisema unataka gari. Hukusema dada." Akanitazama kama mimi ndio nimemkosea. "Lori ya mbuzi inaenda Garissa kesho kutwa asubuhi. Mbuzi nyuma, wewe mbele na derefa. Wallahi, wewe ndio wa kwanza amemaliza kazi. Nimekuamini." Akanipa kitambaa cha manjano, ati ushone.

Sikulala kwa furaha. Nilikuwa nishafika Molo kichwani. Ningefika Ijumaa usiku, nioge, Jumamosi nisimame mbele ya wageni niseme ninavyotakiwa kusema.

Leo alfajiri, Rashid akiwa kwenye swala na makundi bado yako mbali, nikagusa kadi yangu. Kuaga tu, kama mtu anagonga bega la rafiki. Kimya. Nikagusa tena. Kimya! Nikafungua kisanduku, kebo mkononi, jasho linanitoka kwa hiyo baridi, ndipo bomba likakohoa maji yakatoka. Lenyewe. Sijaligusa.

Nimetafuta mchana kutwa. Logi, pale mashine inapoandika yanayotokea, ni tupu, kwa sababu logi nayo ilikuwa imelala. Huenda ni betri na ubaridi wa alfajiri. Huenda modemu ilikuwa inahangaika na mtandao ikachelewesha wengine wote. Huenda ni mistari yangu iliyoshangiliwa mpaka mbuzi akachinjwa. Nimeijaribu tena na tena, haijarudia. Hakuna aliyeona ila mimi.

Na Rashid anasema makundi makubwa yanateremka kutoka upande wa Wajir, yatafika mwisho wa wiki. Anasema utaona vumbi kabla ya ngamia. Bomba likilala siku hiyo na mimi nikiwa Molo nimevaa suti, atachomoa waya. Atafanya nini kingine? Hata kama ningemkataza, ukiona mnyama ameanguka karibu na tangi lililojaa, utachomoa.

Nikimwambia Dahabo, najua atakachosema: leteni chai. Ama, na hii ndio inaniogopesha zaidi, atasema nenda kwa dada yako, na atabaki anatazama hilo bomba peke yake. Wiki mbili nimelaani huu mlango kwa sababu umefungwa. Sasa uko wazi kabisa, viatu vinang'aa, na mimi nimekaa hapa sakafuni.

Nisalimie mama, mwambie nakula vizuri. Nisalimie Shosho, mwambie huku kuna kuku wachache, angepumzika. Nisalimie Ankol Gathogo, ndugu ya baba, na umwambie ajiweke tayari Jumamosi, anyoe, asiingize siasa kwenye mazungumzo. Mwambie tu ajiweke tayari, usimwambie kwa nini. Na Kamau shemeji yangu, mwambie sijamkimbia.

Barua hii na kitambaa vitapanda lori kesho asubuhi hata kama mimi sitapanda. Ukiwa unasoma, utakuwa umeshajua ni nani amekupa mkononi, ni mimi ama ni mtu wa basi la Garissa ameita jina lako kule steji. Jibu lako halitanifikia kwa wakati, najua. Bado nakuuliza, kwa sababu sina mwingine wa kuuliza hapa isipokuwa Rashid, na yeye atanipa tende.

Ungekuwa ni wewe, Sajini, na siku yenyewe ni yangu, ungepanda hiyo lori?

Ndugu yako,
Kevo