Haukuwa Umeme, Yotamu

Tunduma,
Jumatano, baada ya kufunga banda.

Ndugu yangu Yotamu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Kifua kinaendeleaje? Najua huko uliko hakuna kukohoa, tumeimba hivyo mimi nawe kwenye misiba ya watu wengi, lakini mdomo umezoea. Miaka yote ulipopita mbele ya banda langu asubuhi nilikuuliza kifua kwanza, nawe ukajibu, "Kipo, hakijahama." Shuleni tulifundishwa kuandika kwamba mimi ni mzima, hofu ni kwako. Leo imenibidi niigeuze. Kwako sina hofu. Hofu iko kwangu.

Hapa mambo ni yale yale. Malori yamepanga foleni kuelekea mpakani, madereva wanapikia chini ya matela. Ndoo zangu za bati hazinunuliwi sana, plastiki imetushinda, ila akina mama wa Nakonde bado wanavuka kuja kuniagiza mbaula, na bado wanabishana nami kana kwamba mbaula ni kitu kingine na jiko la mkaa ni kitu kingine. Kaburi lako tumelijengea. Msalaba umesimama wima, herufi za jina lako nilizikata mimi mwenyewe.

Mke wako, Mama Sekela, yuko kwao Ikinga, kule Ileje. Gitaa lako liko naye, na hakuna anayelipiga. Hayo mawili ndiyo yaliyonishikisha kalamu, kwa hiyo nivumilie, darasa la saba langu unalijua.

Nianze na lile boksi. Siku binamu yako alipolivusha kutoka Nakonde ulikuja kulifungulia bandani kwangu, ukasema meza ya nyumbani ina mguu mbovu. Nilijua ulitaka mtu wa kushangaa naye. Ndani mlikuwa na kasha tupu la bati lenye matundu, transfoma mbili nzito kama mawe ya kusagia, vifuko vya rezista na kapasita, nyaya za rangi, na zile valvu nne za kioo kama za redio za babu zetu, kila moja imevikwa sponji. Ulinyanyua moja ukasema, "Ezekia, usipumue." Nikakuuliza mtu mwenye akili anaagizaje amplifaya iliyofumuliwa wakati madukani zimejaa nzima. Ukasema zile za dukani zinalia kama bati zangu ninapozigonga; ya valvu inalia kama mtu. Uliisikia ng'ambo ukiwa kijana, kwenye bendi ya harusi, hukuisahau. Nikasema bati zangu hizo unazozicheka zimesomesha watoto. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza. Ukaanza kukigeuza kwa penseli kwenye daftari, kidogo kidogo, kila ulipopata nafuu. Ulifika katikati. Kisha mvua, kisha wodi.

Pale wodini ulinishika kiganja ukasema, "Lile boksi ulimalize wewe. Siku ya kuweka msalaba Atu apigie gitaa langu humo, watu wasikie." Atu, binti wa sauti ya pili kwenye kwaya yetu, uliyemfundisha nyuzi. Mke wako alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, alisikia. Nikasema nitamaliza. Nilisema haraka, kama mtu anayeitikia amina.

Nilianza baada ya mavuno. Wewe unajua mimi ni mtu wa bati, kipimo changu ni rula na jicho. Vile virezista vyenye mistari ya rangi vilinifanya nijione kipofu. Kahawia na nyekundu, kwa macho haya ya miaka hamsini, ni watoto wa tumbo moja. Nilimwomba Atu awe anakuja kunisomea rangi, akawa ananiambia, "Baba, hiyo uliyoshika umeiweka mara mbili na zote mbili si yake." Palipoishia penseli yako tulifuata picha tu. Siku ya kwanza kujaribu, nilichomoa waya ukutani, nikadhani umeme umeisha, nikaingiza mkono. Kumbe kapasita zinautunza kama mtungi unavyotunza maji. Zilinitupa juu ya makarai. Nilipopata fahamu ndipo nikaelewa ulichoandika juu kabisa ya daftari: "Mkono mmoja kazini, mmoja mfukoni." Nilidhani unasema habari ya baridi ya Tunduma, kumbe ni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Sasa nifike penyewe.

Ule waya mwembamba wa lehemu uliokuja ndani ya boksi una dawa yake katikati, ya kufanya kiungo kishike. Niliumaliza kabla kazi haijafika nusu, maana niliuyeyusha kwa mkono wa mtu wa ndoo, tonge kwa tonge, na viungo vingi havikushika. Nikajiambia, Ezekia, unalehemu tangu ujana wako, leo unashindwa na vijiwaya? Nikachukua lehemu yangu, ile ya bandani, na chupa ya asidi ninayosafishia bati kabla ya kulehemu. Nikachovya unyoya wa kuku kama siku zote, nikapaka kila kiungo. Yotamu, vilishika. Viling'aa. Nikarudia hata vile vya mwanzo, na ncha za nyaya za transfoma, ili vyote vifanane. Nilijivuna. Mungu anisamehe, nilikaa nikaviangalia kama mtu aliyezaa.

Mvua za kwanza zilipoanza, tukaliwasha, mchana. Valvu zikawa nyekundu ndani taratibu kama makaa yanayopulizwa. Atu akachomeka gitaa lako. Mke wako alikuwa anapita tu na ungo wa maharage. Atu akapiga ule wimbo wako wa kufungia ibada, ubeti mmoja. Ilikuwa wewe. Sina namna nyingine ya kusema. Mama Sekela akakaa kizingitini, maharage yakamwagika, hakuyaokota. Akasema, "Basi siku ile atakuwepo." Kuanzia hapo kila aliponiona njiani aliniuliza, "Shemeji, sanduku halijambo?" kama mtu anayeulizia mtoto aliyelazwa.

Nililifunga kwa vitenge viwili nikaliweka chini ya kitanda changu. Mvua ikanyesha, unaijua ya kwetu, unyevu unaingia mpaka kwenye chumvi. Sikulifungua tena. Niliogopa kuliharibu.

Siku ya msalaba kanisa lilijaa. Ndugu zako walikuja wa pande zote mbili za mpaka. Asubuhi umeme ulikatika mara mbili, ukarudi. Mchungaji akatangaza kwamba sasa tutasikia gitaa la marehemu kama alivyoomba. Nikabonyeza swichi. Likaunguruma, likakoroma kama mtu anayetaka kusema, likatoa mlio mmoja, kisha moshi mwembamba. Basi. Atu akabaki vidole kwenye nyuzi. Mama mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo kwa mdomo ili kunifichia aibu.

Nikalibeba mpaka nyuma ya kanisa, nikafungua mfuniko. Viungo vyote vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Sikuhitaji kuambiwa. Kila mtu wa bati anajua: ukishalehemu ndoo unaisuuza kwa maji mengi, la sivyo asidi inakula mshono. Hilo ndilo nililofundishwa siku ya kwanza kabisa. Lakini nani anasuuza amplifaya? Nilipaka, sikuosha. Miezi mitatu asidi ilikula taratibu chini ya kitanda, nami nimelala juu yake.

Ndipo mke wako akaja, viatu vyake vya ibada vimejaa tope. Akauliza, "Shemeji, ni umeme?"

Alinipa jibu mkononi. Nikafunga mfuniko, nikasema, "Ni umeme, shemeji."

Akasema, "Siku zote unawaka vizuri, leo tu ndiyo unakuja hivi. Basi Mungu hakutaka asikike."

Nami nikalibeba sanduku, nikaenda nalo nyumbani.

Wiki iliyofuata nililipeleka Nanyala kwa fundi mmoja wa redio ambaye watu wanamsifu. Alifungua, akainama, akanusa. "Mzee, nani kapaka asidi humu?" Nikamwambia nimelipata hivyo hivyo. Akasema ile transfoma inayopeleka sauti kwenye spika imeliwa nyuzi za ndani, nyembamba kama unywele, na soketi za valvu zimeoza. "Chukua kasha, mzee, ufugie vifaranga." Alikuwa anatania, na mimi nikacheka naye. Petro alikana mara tatu. Mimi mpaka hapo nilikuwa nimefika mbili.

Njiani kurudi ndipo nikakumbuka. Kila ulipokaa na boksi lako kwenye meza yangu, uliinyanyua ile chupa ya asidi ukaipeleka nje, ukasema, "Huyu akae na viatu." Nilidhani ni kwa sababu ya kifua chako. Hukunieleza, maana ulitegemea utakuwepo mwenyewe. Au labda ulinieleza nami nilikuwa nagonga bati. Nimejaribu kukumbuka mpaka kichwa kinauma, siku zile ulisema nini baada ya hapo, sipati.

Mama Sekela aliacha kwaya tangu Jumapili ile ile ya msalaba. Hakugombana na mtu. Atu alimfuata, "Mama, njoo tuimbe," akajibiwa, "Nimwimbie nani? Aliyeninyima wimbo mmoja?" Mwanamke yule, Yotamu, aliyekuwa anafika kanisani kabla ya mlinzi. Mwezi haukuisha akafunga mizigo akaenda kwao, gitaa limeviringishwa kwenye shuka. Siku ya kuniaga alinishika mikono yote miwili, akanishukuru, akasema nimefanya kazi ya ndugu. Niliipokea ile shukrani. Niliipokea, na mimi nikamwambia asante.

Kuharibu sanduku ni ujinga, na ujinga wangu Mungu anaujua tangu zamani. Lakini nimemsingizia. Nilimwachia yeye kosa langu mbele ya mjane, akalibeba, na mjane akamwacha. Siku hizi nikiomba, nikifika pale pa utusamehe makosa yetu, naruka kama mtu anayeruka dimbwi. Najikuta tayari niko kwenye amina.

Nilifikiria kuagiza jingine. Binamu yako ameulizia, waliokuuzia hawatengenezi tena ya namna ile. Na hata lingepatikana, lingelia kwa ajili ya nini? Kaburi halijengewi mara mbili. Ile siku ndiyo uliyoiomba, na imepita.

Jumamosi nitapanda gari la Ileje, lile linalokata kona Mpemba. Nitamwambia mke wako kwamba haukuwa umeme wala haikuwa Mungu, ni mimi na chupa yangu. Sitegemei anisamehe. Sitegemei hata arudi kuimba. Mtu akishamkasirikia Mungu miezi, kumwambia kwamba hasira yake ilibisha hodi nyumba isiyo yake si jambo la kutwa moja. Atanifukuza, pengine. Mchungaji atasikia, Tunduma nzima itapata la kuongea sokoni. Hilo la watu naliweza. Ninaloogopa ni uso wake atakapojua jinsi ulivyokuwa karibu. Kwamba waya mwingine kidogo wa lehemu, ambao ningeweza kuutafuta hata ng'ambo pale, ndio tu uliokuwa kati yake na wewe. Mungu akikunyima unaweza kumlilia. Sijui atanililia vipi mimi.

Sioni mwisho mzuri hapa, ndugu yangu. Nimeutafuta. Lakini nakuahidi nitaenda. Nikikosa gari Jumamosi nitaenda Jumapili baada ya ibada, na nitasema nikiwa mlangoni, kabla hajanipa kiti, maana nikishakaa nikaletewa chai sitasema tena.

Kwaheri, Yotamu. Pumzika mpaka Bwana atakapotuamsha sote. Siku hiyo sitakufuata mbio, nitasubiri wewe uniite.

Wewe uliishi naye, unajua maneno magumu anaambiwaje. Mimi namjua kwa salamu na vyakula vya msibani tu. Kwa hiyo nakuomba unijibu mapema, hata kwa ndoto, hata neno moja la kuanzia. Leo ni Jumatano.

Ni mimi,
Ezekia