Baba Mdogo Naye Anatoka Usiku

Somanda, Bariadi

Kwako dada Martha,

Mwangaluka, dada yangu. Hamjambo huko Nkoma? Shemeji mzima? Na pamba je, imekubali mwaka huu? Sisi tupo, tunakula na kusema watu kama kawaida.

Basi kaa chini. Baba mdogo Ndalahwa ana sukari! Yeye huyo huyo aliyezunguka mtaa mzima akisema mama yetu akitoka usiku anakwenda kuwanga, kumbe maskini anakwenda kukojoa tu, ugonjwa huu huu unamsumbua. Watu wakamkimbia mpaka akafa na kidonda chake cha mguu, hata wa kumchotea maji hakuna. Sasa anayetoka usiku ni yeye, mbwa wanambwekea. Nilicheka jikoni mpaka ugali ukaungua.

Nancy, yule mhudumu wa afya anayepita majumbani, kasema kila mzee mwenye sukari ana utaratibu wake wa chakula na dawa, na awe na mtu wa karibu wa kumwangalia. Watoto wake wako Dar, mkewe alishafariki. Wa karibu nani? Mimi! Mzee akasema bora afe. Nancy akamjibu hilo hajaulizwa.

Nimemnyoosha, dada. Michembe ya viazi aliyokuwa anatafuna kutwa nampimia, soda marufuku, ugali kiduchu, mlenda rundo. Akinuna nacheka. Miguu yake naikagua mwenyewe kidole kwa kidole, ile ile aliyokuja nayo kumfukuza mama kisimani.

Sasa hili Nancy asilisikie. Jumanne alimeza dawa akagoma kula, eti chakula changu kina maneno mengi. Nikamkuta kibarazani anatetemeka, jasho chapachapa, sukari imeshuka. Nikakoroga maji ya sukari. Nikakishikilia kikombe. Nikamwita Mwanamisi wa dukani na majirani, nikamwambia mzee aseme kwanza mama alikuwa anatoka nje kufanya nini.

Akanikodolea macho. Halafu akasema mama alikuwa mgonjwa, hakuwa mchawi, na yeye alijua. Alikuwa analitaka shamba la mpunga la mama.

Alijua, Martha.

Ndipo nikamnywesha.

Nimemwambia atayarudia maneno hayo mbele yako. Wewe vuna pamba yako taratibu, usikimbilie kuja. Dawa anameza, anakula, namlinda kama yai. Simwachi afe huyu kabla hujamsikia.

Msalimie shemeji na watoto wote.

Mdogo wako,
Felisita