Ng'ombe wa Nyumba ya Mama

Mjukuu wangu Kulwa,

Usicheke. Mama yako ananiita mama mdogo, kwa hiyo mimi ni bibi yako, hata kama bado niko kidato cha tatu hapa Lagangabilili. Sote wazima, na pamba imeanza kupasuka.

Uliniuliza kwenye simu kama mama yangu ataondolewa nyumbani, kwa kuwa baba amefariki bila wosia na yeye ni mke wa pili. Nilishindwa kujibu kwa sababu kaka mkubwa, mtoto wa mama mkubwa, yule mke wa kwanza wa baba, alikuwa amekaa karibu.

Jumamosi alikuja mzee wa Lalago, rafiki wa baba, akiswaga ng'ombe tuliokuwa hatuwajui. Kumbe baba alikuwa amemwachia awatunze. Maziwa yakawa yake, ndama wakabaki wetu. Mzee angeweza kunyamaza tu na kubaki nao.

"Mwangaluka," mzee alitusalimu kwa Kisukuma. "Mali ya marehemu hii. Ni ya nyumba ndogo, ya huyu mke wa pili, alinitamkia mwenyewe."

"Una maandishi?" kaka akauliza.

"Wewe ngosha, unayo?" mzee akamrudishia, akimwita mwanamume kwa Kisukuma.

Watu walicheka. Mama hakucheka. Aliwafungulia ng'ombe zizi. Mimi nilimtazama tu yule mzee, miguu yake imejaa vumbi.

Ameahidi kuyarudia maneno hayo Jumatatu mahakamani, kwenye kesi ya mirathi ya baba, na mama anamtegemea yeye tu. Lakini leo asubuhi kaka amepanda pikipiki kwenda Lalago bila kutuaga. Sijui anaongea nini na mzee huko. Nimekaa dirishani na kitabu, nasikiliza kila pikipiki inayopita.

Bibi yako,
Minza